Mervyn Tulloch na Vita vya Sanduku la Barua la Buluu

Sogeeni, enyi wenye masikio, sogeeni na viti vyenu na vikombe vyenu vya chai. Zimeni redio, mfungieni mbwa nje, na mwenye sufuria jikoni na apunguze moto, kwa maana habari niletayo leo haisikilizwi kwa sikio moja. Naanza kwa jina la Mungu aliyeumba milima na mabonde, akakipa kila kilele upepo wake, nami namwomba aushike mkono wangu nisitie chumvi, maana chumvi iliyomo inatosha. Nitasimulia vita vya Mervyn Tulloch, simba wa Mlima, dereva wa basi la shule, mlinzi wa sanduku la barua la buluu. Jinsi alivyopigana majuma matatu na gari lisilokuwepo katika barabara iliyopo, na jinsi alivyoshinda. Nilikuwepo, mimi Bi Enid, jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na kasha la barafu, na sikuondoka ila mara moja, kwenda kutoa keki kwenye jiko.

Mlima wetu hapa Bathurst, Australia, una nafsi mbili. Siku nyingi za mwaka ni barabara ya watu wanaokaa juu yake, ya kushuka kununua maziwa na kupanda nayo, mwendo usizidi sitini, na polisi hujibanza nyuma ya mikaratusi kuhakikisha. Siku chache barabara hiyo hiyo hufungwa, na magari ya mashindano hupita mbele ya milango yetu yakinguruma kama siku ya kiyama, na siku za Oktoba ndizo kuu kuliko zote. Hapo ndipo kila nyumba hujulikana kwa ukoo wake. Kuna ukoo wa Ford, ambao rangi yao ni buluu. Kuna ukoo wa Holden, ambao rangi yao ni nyekundu. Kiwanda chao kilishafungwa na magari yao hayatengenezwi tena, lakini imani haikufungwa, bali imezidi kama imani ya watu waliopelekwa uhamishoni. Mtu huzaliwa humo. Wapo waliooana kati ya koo hizo mbili, na ndoa nyingine Mungu amezibariki, lakini kwenye arusi zao zilikuwepo meza mbili.

Mervyn alikuwa wa buluu, na baba yake, mzee Clarrie, alikuwa wa buluu kabla yake. Mzee Clarrie ndiye aliyechukua debe kuukuu la maziwa, akalilaza, akalitoboa mdomo, akalichomelea juu ya nguzo penye lango linalotazama barabara, akalipaka buluu likawa sanduku la barua. Hiyo ilikuwa mwaka wa sitini na saba. Kila mwaka tangu hapo, wiki moja kabla ya mashindano, debe lile hupakwa rangi upya, buluu juu ya buluu, hata leo rangi imekuwa nene kuliko bati lenyewe. Watu maelfu hulipita wakienda kutazama magari. Wazee wa buluu hulivulia kofia, nami nimeona kwa macho yangu.

Na Mervyn mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa mtu wa makamo yaliyopita, mfupi, mkimya, mwenye viganja vipana. Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha basi la shule nambari kumi na nne, akaupanda Mlima asubuhi na kuushuka alasiri, akiwachukua watoto wa mashamba ya juu, wala hakugonga, hakugongwa, hakukwaruza. Alipostaafu walimpa bamba la shaba lenye maneno hayo, na Noelene mke wake akalitundika juu ya friji. Basi lake lilipovunjwavunjwa akaenda akaomba kiti cha dereva, akapewa, akakileta garajini kikakaa chini ya turubai miaka sita, hakuna aliyejua ni cha nini, na nadhani hata yeye hakujua.

Hata ikafika Sikukuu ya Akina Baba, Jumapili ya kwanza ya Septemba. Binti yao anayekaa Dubbo akamletea baba yake zawadi: mchezo wa magari wa kwenye runinga, na usukani wake, na kanyagio zake tatu. Ndipo turubai lilipoondolewa. Kiti cha basi kikafungwa kwa boliti kwenye fremu ya mbao, usukani ukawekwa mbele yake, na runinga kubwa ikasimama pale palipokuwa na mashine ya kukata nyasi. Na ndani ya runinga ile, enyi wasikilizaji, ulikuwemo Mlima wetu. Mti kwa mti. Ukuta kwa ukuta. Noelene alitafuta kamba yake ya kuanikia nguo akaikosa, akasema basi hawakufanya kazi yao sawasawa.

Sasa alikuwepo mezani siku hiyo Daryl Pinnock, kaka yake Noelene, yaani shemeji yake Mervyn. Daryl ni fundi wa mashine za kukata nyasi, anakaa Kelso kule chini tambarare, mtu mwenye kicheko kikubwa na sanduku la barua jekundu. Mlima alikuwa ameupanda kwa gari labda mara kumi maishani, na mara zote alikuwa abiria. Baada ya nyama na viazi akasema na ajaribu kidogo. Akakaa kwenye kiti cha basi, akagonga ukuta, akagonga ukuta mwingine, na mzunguko wa tatu akaumaliza kwa dakika mbili, sekunde kumi na moja na nukta nne. Mervyn akatabasamu kama mtu mwema anayemwona mgeni akisifia nyumba. Akasema Mlima huu yeye anaujua kama kiganja chake. Akakaa. Akazunguka. Dakika mbili, sekunde kumi na tisa.

Daryl hakucheka, na hilo ndilo lililouma. Alisema tu, taratibu, huku akijikatia kipande cha keki ya pavlova, kwamba huenda mtu akipita barabara miaka mingi mno huacha kuiona. Ndipo hasira ya Mervyn ilipowaka, hasira ya mtu mpole, ambayo huchelewa kama treni ya Sydney lakini ikifika hujaza stesheni. Maneno yakapandishwa, na mbele ya familia yote yakafungwa masharti.

"Shemeji," akanena Daryl, "ukishindwa kuupita muda wangu mpaka saa kumi na moja jioni ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, lile debe la mzee Clarrie unalipaka jekundu. Kwa mkono wako mwenyewe. Na linabaki hivyo mpaka Krismasi."

"Na nikikupita," akajibu Mervyn, "lako linakuwa buluu. Na nitakuja kuchungulia kama umepaka na chini."

Wakashikana mikono. Noelene akaondoa sahani, na mimi nikasema kimoyomoyo, Ee Bwana, tuepushe na majivuno, hasa ya baada ya chakula.

Hivyo vikaanza vita. Jueni ya kwamba katika mchezo ule, kabla gari halijaingia barabarani, hufunguliwa ukurasa wa vipimo vyake, na hapo dereva ni fundi pia: hupunguza upepo wa tairi au kuuongeza, hukaza springi au kuzilegeza, huinua bawa la nyuma au kulishusha, hugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, kila kipimo hatua kwa hatua kwa kubonyeza. Mervyn alinunua daftari la shule la mistari. Akaandika kwenye jalada MLIMA, na chini yake jina lake, kana kwamba mwalimu angelikusanya.

Lalamiko lake lilikuwa moja tu tangu siku ya kwanza: gari halikati kona. Njia ya mashindano huzunguka Mlima ikielekea kushoto, kona zake nyingi ni za kushoto, na katika kila kona ya kushoto pua ya gari ilinyooka kuelekea ukutani kama punda aliyeona nyumbani. Basi akaliadhibu gari. Akalegeza springi za mbele hatua mbili. Pua ikagoma. Akakaza za nyuma hatua tatu. Pua ikageuka kidogo, mkia ukaanza kuzungumza. Akahamishia breki nyuma, akapunguza upepo wa tairi za mbele, akagusa shokapu, akagusa tena, akazirudisha, akaandika yote. Juma la kwanza akafika sekunde kumi na sita. Juma la pili kumi na nne na nusu, na hapo akakwama kama kijiko kwenye asali. Maana kila alichofanya ili pua igeuke, mkia ulidai malipo yake kule juu, panapoitwa Skyline, ambapo barabara hufika mbinguni halafu hudondoka kama ndoo kisimani. Mkia ukamtoroka, ukuta ukampokea. Alikufa mara sitini na kufufuka mara sitini, jambo ambalo kanisani hatulichezei, lakini mchezo ule hauna adabu.

Mabadiliko yakafika arobaini. Gari lililokuwa farasi likawa ndama aliyefunguliwa kamba. Mervyn akakonda. Noelene aliniambia alikuwa akikunja shuka usingizini, kushoto, kulia, kushoto, na mara moja alikanyaga breki akaangusha chupa ya maji ya moto.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Saa nane mchana nilivuka barabara na sahani ya keki zangu za lamington, zile za kuviringishwa kwenye chokoleti na nazi, nikamkuta jemadari kitini amevaa kofia yake ya udereva, nembo imepauka, na Noelene kando akisokota uzi wa sufu kuwa donge. Mlango wa garaji ulikuwa wazi, jua la majira ya machipuko limeingia mpaka kwenye kanyagio. Kutoka pale tuliliona debe la buluu kule langoni, na juu yake mkaratusi, na ndani ya mkaratusi yule ndege mweusi mwenye joho jeupe ambaye kila Septemba hulinda kiota chake kwa kupiga watu vichwani, awe tarishi, awe askofu.

Saa kumi kasorobo adui akawasili. Alikuja kwa miguu kutoka garini mwake, naye alikuwa amevaa kofia ya vita kama wavaavyo wenye busara huku kwetu majira hayo: kopo la plastiki la aiskrimu limefunikwa kichwani, limefungwa kwa kamba chini ya kidevu, na kisogoni limechorwa macho mawili makubwa ili ndege adhani anatazamwa. Mkono wa kuume alishika kopo la rangi nyekundu. Mkono wa kushoto alishika brashi mpya, bado ina karatasi yake. Ndege akashuka mara mbili, mara mbili akagonga plastiki, tap, tap, na Daryl hakuongeza hata hatua. Lazima niandike haki ya adui: alitembea vizuri.

Akaweka kopo la rangi mlangoni pa garaji, brashi juu yake, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuvua kofia.

"Msinijali," akasema. "Nimekuja kuangalia rangi ikikauka."

Akamuuliza Mervyn kama bado anapunguza mwendo pale kwenye kona ya McPhillamy kwa ajili ya kangaruu. Mervyn akasema hapunguzi. Akazunguka, na pale McPhillamy, Mungu ni shahidi, mguu ulinyanyuka. Daryl akauliza tena kama kule kwenye mteremko mrefu wa Conrod, gari likikaribia mia tatu, bado macho yanamtafuta polisi nyuma ya mti wa tatu. Sikio la Mervyn likawa jekundu, na kwa mtu wa ukoo wake hiyo ni aibu juu ya aibu.

Saa kumi na robo: sekunde kumi na nne na nukta mbili. Saa kumi na dakika ishirini: ukuta. Akafungua ukurasa wa vipimo, akafungua daftari, akaanza badiliko la arobaini na moja, akilegeza tena mbele. Kule nje debe la mzee Clarrie lilimeta juani kama lisilojua lolote. Nikaacha kula. Akaingia barabarani tena, akaikaribia kona ya kwanza, ile ya chini ambayo wenyeji waliipa jina la mahali ambapo sitaki mtu yeyote aende, nami naliandika mara moja tu: Kona ya Jehanamu. Pua ikagoma. Gari likaburuzika kuelekea ukutani, likaponea chupuchupu.

Noelene alikuwa akiitazama runinga kwa jicho moja, la pili liko kwenye uzi.

"Merv," akasema, "nani huyo unayempisha?"

"Simpishi mtu. Niko peke yangu barabarani."

"Ndiyo maana nauliza. Umebana kushoto tangu tulipoanza. Kuna gari linakuja?"

Mervyn akaachia kanyagio, gari likapungua mwendo, likapungua, likasimama kabisa katikati ya Mlima, kushoto, limejipanga sambamba na ukingo kama basi kituoni. Na kwa hakika palikuwa kituoni. Ndipo walipokuwa wakipandia watoto wa akina Vickery.

Daryl akavua kofia.

Enyi wasikilizaji, tazameni jinsi mtu anavyoweza kunaswa na wema wake. Huku kwetu huendeshwa kushoto, upande wa kulia ni wa wanaokuja, na Mervyn kwa miaka thelathini na mmoja hakuugusa upande wa wanaokuja hata kwa kivuli. Sasa dereva wa mashindano huutumia upana wote: anayetaka kukata kona ya kushoto hutokea mbali kulia, na kona humfungukia kama mlango. Anayeingia hali amebana kushoto huikuta imejikunja kama kiwiko, na hakuna springi duniani, iliyokazwa au iliyolegezwa, itakayokikunjua kiwiko hicho. Gari halikuwa na kosa. Mabadiliko arobaini na moja yalikuwa adhabu kwa asiye na hatia. Daryl, mtu wa tambarare asiyeijua barabara, aliipita yote kwa sababu hakuna aliyemfundisha ni nusu ipi iliyo yake.

Mervyn akakaa na mikono mapajani.

"Noelene," akasema, "miaka thelathini na mmoja sijavuka upande wa watu."

"Najua. Ile shaba juu ya friji naifuta mimi."

"Ukivuka mara moja, unavuka. Mkono unazoea. Na wale watoto nyuma..."

"Mzee wangu," akasema Noelene, naye akaliweka chini donge la uzi, jambo ambalo halifanyi hata simu ikilia. "Nyuma hakuna watoto. Wamekua wote, wana watoto wao. Nyuma yako niko mimi, na Bi Enid, na huyu ndugu yangu na kopo lake. Sisi tuna viti. Vuka."

Mervyn akanitazama mimi, mtu wa kanisa, kana kwamba mimi ndiye mwenye ufunguo. Akaniuliza kama ni dhambi. Nikafikiri, maana swali la namna hiyo halijibiwi mbiombio. Nikamwambia kwamba Mungu aliwavusha watu wake Bahari ya Shamu, na pale hakuna aliyeuliza upande ulikuwa wa nani.

Basi akavuta daftari. Ilikuwa saa kumi na nusu na dakika tano. Akaanza kulirudisha gari kama alivyolikuta, hatua kwa hatua, kutoka badiliko la arobaini na moja kurudi la kwanza, akikata kila mstari kwa kalamu, na midomo yake ikitembea. Nadhani aliliomba radhi. Springi zikarudi. Shokapu zikarudi. Breki ikarudi mbele, upepo ukarudi kwenye tairi. Ukurasa ukawa safi kama siku ya Pasaka.

Akaingia barabarani. Na kwenye kona ile niliyokwisha kuitaja, gari likaanza kusogea kulia, polepole, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Likafika katikati, mahali ambapo palikuwa na mstari usiochorwa popote ila moyoni mwake. Likasita. Likavuka. Kona ikafunguka, pua ikageuka kama mtoto aliyeitwa jina lake, na Mervyn akatoa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima aliyevaa kofia.

Mzunguko huo: sekunde kumi na mbili na nukta moja. Uliofuata: kumi na moja na nukta tisa. Uliofuata: kumi na moja na nukta sita. Daryl alikuwa amesimama. Ilibaki dakika kumi na moja, na ilibaki nukta mbili tu za sekunde, na nukta hizo hazikuwepo tena kwenye kona. Zilikuwa kwenye mteremko wa Conrod, ambako gari hukimbia kwa mstari mrefu, na kinacholizuia ni bawa la nyuma linaloshika upepo.

Mervyn akafungua ukurasa wa vipimo kwa mara ya mwisho. Akaweka kidole juu ya bawa. Kulishusha kungempa mwendo kwenye Conrod, lakini bawa hilo hilo ndilo linaloukalisha mkia chini kule juu, pale barabara inapodondoka. Kila mtu garajini alilijua hilo.

"Mkia utakutoroka, shemeji," akasema Daryl, na hakuwa akikejeli. Alisema kama fundi. "Mimi siku ile ya kwanza nilijaribu nikaacha. Hautulii."

"Wewe," akajibu Mervyn, "hujawahi kushuka Mlima ule na watoto arobaini na vikombe vyao vya maziwa."

Akabonyeza. Hatua moja. Akaandika daftarini: Bawa, chini, moja. Akaifunga kalamu.

Nitawezaje kuusimulia mzunguko ule? Alipita kona ya kwanza kutoka kulia kabisa, bila kusita. Akaupanda Mlima akizikwangua kuta pande zote mbili kama anayekwangua sufuria, na pale McPhillamy mguu haukunyanyuka, na kama kulikuwa na kangaruu alijua la kufanya. Akafika Skyline. Barabara ikadondoka. Mkia, uliokuwa mwepesi kwa hatua moja ya bawa, ukatikisika, ukaomba ruhusa ya kwenda. Na hapo ndipo mguu wake wa basi ulipomjibu, mguu ule uliokanyaga breki miaka thelathini na mmoja bila kumwaga kikombe, bila kuangusha begi, bila kumwamsha mtoto aliyesinzia. Hakukanyaga, aliegemea. Hakukata usukani, aliuambia. Kushoto, kulia, kushoto, gari likashuka ngazi zile zote kama bibi aliyebeba mayai, likageuka kona iitwayo Kiwiko, likatokea Conrod, na bawa likiwa chini likaruka. Mti wa tatu ukapita. Hakuutazama.

Alipokata mstari saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja kasoro dakika mbili. Runinga ikaandika: dakika mbili, sekunde kumi na moja, na nyuma ya nukta, tatu, tisa, sita. Tukautazama wa Daryl: nne, sifuri, mbili. Sehemu sita katika elfu za sekunde moja. Ukipepesa jicho, umezipita mara hamsini.

Noelene akamshika mumewe bega, akauacha mkono pale. Nikasema Ameni kwa sauti kuliko nilivyokusudia. Na Daryl Pinnock, mwana wa tambarare, nguzo ya ukoo uliofungiwa kiwanda, akasoma tarakimu zile mara mbili, akalivua kopo lake la aiskrimu ambalo alikuwa amelivaa tena bila kujua, akalishika kifuani.

"Hatua moja ya bawa," akasema. "Mshenzi wewe."

Wakashikana mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaomba aonyeshwe daftari. Akakaa nalo kwenye ndoo yake, akaisoma mistari yote arobaini na mmoja iliyokatwa, akala lamington nne, kisha akaondoka kichwa wazi kwa majonzi, na yule ndege wa langoni akamtazama akipita, naye kwa heshima akamwacha mpaka alipofika mlango wa gari.

Basi na iandikwe, na wajukuu wasomewe, ya kwamba debe la mzee Clarrie lilipakwa tena buluu mwaka ule, tabaka moja zaidi. Na kwamba kule Kelso, Jumatatu alasiri, sanduku la barua lililokuwa jekundu tangu enzi lilipakwa buluu na mwenyewe, mbele ya majirani waliotoka na viti. Mervyn alikwenda. Alipiga magoti kwenye nyasi akachungulia. Lilikuwa limepakwa na chini. Kopo la rangi nyekundu, ambalo halikuwa limefunguliwa, nililiomba mimi, na kwa rangi hiyo viti kumi na viwili vya Shule ya Jumapili sasa vinang'aa, wala Mervyn hakupinga, ila alisema hatavikalia. Daftari liko juu ya friji, chini ya shaba.

Na kesho yake ya ushindi, Jumapili, walinipitia kwenda kanisani kama walivyofanya kila Jumapili tangu mume wangu atwaliwe. Nilikaa nyuma na Biblia yangu mapajani. Tuliushuka Mlima kwa mwendo wa hamsini na nane, dirisha wazi, Mervyn akipiga mluzi wa wimbo wa tatu wa kitabu cha kanisa. Barabara ilikuwa tupu. Tulipoikaribia kona ya mwisho, ya kushoto, nikahisi gari likisogea kulia, kidogo tu, upana wa kiganja, kama mtu anayenyemelea dirisha la duka la keki.

"Mervyn," akasema Noelene.

Akarudi kushoto.